Kituo cha Nne, Juu ya Duka la Redio

Jumamosi, 5 Agosti 1989

Kamera imefika! Mume wangu Bunliong ameipakata njia nzima kutoka stesheni ya treni kama mtoto mchanga. Pikipiki kaiacha huko huko, eti ingeitikisa. Tumeiweka juu ya kaunta ya duka, katikati ya mafeni ya watu yanayosubiri kutengenezwa, tukabaki kuitazama. Mama mkwe akatoka jikoni na kisu mkononi. Akaizunguka. Akauliza hilo dubwana linakula nini.

Bunliong akasema linakula umeme, Mama. Akajibu hata wewe ulikula sana udogoni na hukunirudishia kitu.

Leo nimekumbuka kazi hii ya waya ilivyoanza. Miaka michache nyuma Mama aliteguka nyonga, akawa hawezi kushuka chini kuangalia vikaragosi vyake kwenye video ya dukani. Bunliong akavuta waya kutoka dukani hadi chumbani kwake. Waya ukapita mbele ya dirisha la jirani yetu Khim, mwanamke muuza samaki. Khim naye hakukaa kimya. "Shemeji, huo waya unapita hapa kwangu bure bure tu? Hata salamu?" Akaunganishwa Khim. Kisha kinyozi. Kisha mtaa wote wa Hekalu. Siku hizi waya wetu unapita chini ya mapaa, nyuma ya vibao vya maduka, ndani ya mifereji ya mvua, unavuka mto hadi mabwawa ya kufugia samaki, mwatiko. Laubei nzima!

Serikali ina vituo vitatu. Chetu watu wanakiita cha Nne. Kibali hatuna. Kila mtu anajua, polisi wakiwemo.

Hadi leo tumeonyesha kaseti tu. Mieleka ya Kijapani, vikaragosi, mieleka tena. Sasa tuna jicho letu wenyewe. Bunliong hajala chakula cha jioni. Anasoma kitabu cha maelezo, na kimeandikwa Kijapani asichokijua.

Jumapili, 6 Agosti

Mama amegoma. Huu ni mwezi wa mizimu, haanzishi mtu jambo jipya mwezi huu. Hafungui duka, haoi, hahamii nyumba. "Na nyie mnataka kukamata sura za watu na kuziweka kwenye sanduku!"

Bunliong akasema basi tutapiga picha sikukuu ya mizimu yenyewe, ili waone tunawaheshimu.

Mama hajajibu. Kwake hiyo ni ruhusa.

Jumatano, 16 Agosti

Nimechoka, miguu inawaka. Siku nzima sikukuu ya kuwalisha mizimu, na sisi katikati yake. Meza zimepangwa barabarani kuanzia mlango wa hekalu hadi sokoni. Nguruwe wazima wenye nanasi mdomoni, bata, keki nyekundu za mchele, bia, sigara zilizowashwa kabisa ili mizimu isihangaike kutafuta kiberiti. Moshi wa udi ukatutoa machozi. Bunliong na kamera begani, mimi nyuma na nyaya shingoni.

Watu wakiona kamera wanaganda! Wazee wanabana mikono mapajani kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Bunliong anawaambia tembeeni, tembeeni tu. Wanatembea kama askari.

Khim alikimbia nyumbani kuchana nywele, akarudi amembeba mwatiko mkubwa kuliko wote. "Nipige na huyu. Huyu ndiye sura ya Laubei, sio mimi."

Alhamisi, 17 Agosti

Sitaisahau leo hadi nife.

Tulitangaza kwa kipaza sauti cha hekalu: saa moja jioni, cha Nne, sikukuu yetu. Ilipofika saa moja nilitoka barazani. Mtaa mtupu. Hata muuza popoo za kutafuna kafunga kibanda chake. Taa za bluu kwenye kila dirisha. Kimya.

Kisha kelele! Nyumba moja, kisha zote. "Mimi huyo! Mimi huyo!" Watoto wakapiga mayowe. Watu wakatoka mbio kwenda kuwaeleza majirani walichokiona, na majirani nao wanatoka mbio kuja kueleza hicho hicho, wakakutana katikati ya barabara, wakacheka hadi wakashikana mabega. Kinyozi alikuwa analia. Alimwona baba yake akipita na udi, mzee mwenyewe amelala hospitali tangu jana usiku. "Kumbe anatembea vizuri," akawa anarudia. "Kumbe anatembea vizuri."

Mama aliangalia akiwa kitandani. Alijiona amepiga magoti mbele ya meza. Akasema, kumbe mgongo wangu umepinda hivyo. Nikadhani amekasirika.

Akasema, "Rudisha. Tuone tena."

Tumeirudisha mara nne. Mtaa mzima uliomba.

Jumatatu, 21 Agosti

Bunliong anataka nisome habari. Mimi! Habari gani? Zetu, anasema. Bei ya samaki, aliyefariki, aliyezaa, bomba la maji lililopasuka, ng'ombe aliyepotea. Kwa lugha yetu.

Nimecheka. Shuleni ukikamatwa ukiongea lugha ya nyumbani unavikwa kibao shingoni, unakaa nacho hadi mwingine akamatwe. Kwenye tivii za serikali lugha yetu ni ya wapumbavu kwenye michezo ya kuigiza, na ya vikaragosi kwa dakika chache. Habari ni Kimandarini. Mama anaangalia habari miaka yote na haelewi. Anaangalia tai za watangazaji.

Leo nimekaa mbele ya ukuta, tumetundika shuka la bluu. Nikapaka poda. Mama akachungulia mlangoni: "Unajipodoa ili utangaze bei ya samaki?"

Ndiyo, Mama.

"Basi pandisha kola. Shingo inaonekana kama ya kuku."

Nikasoma. Nilipofika kwenye tangazo la msiba la Mzee Khoo wa mabwawani nikasahau kamera kabisa. Nilikuwa namfahamu. Nikalisema kama ninavyomwambia mtu kwenye kizingiti cha mlango — amepumzika, mazishi kesho asubuhi, familia inaomba msilete maua.

Baadaye mjane wake alituma mtu na mapera. Alisema watu wote wa mabwawani wamesikia kwa pamoja, hakuhitaji kumwambia mtu hata mmoja kwa mdomo wake. Na kwamba nimelitamka jina vizuri.

Nimeyala mapera yote peke yangu, jikoni, nimesimama. Nilikuwa na furaha ambayo sikutaka mtu aione.

Ijumaa, 1 Septemba

Simu ya dukani haipoi. Nimepoteza miwani, tangaza. Binti yangu kafaulu, tangaza. Mume wangu hajarudi na najua yuko wapi, tangaza! (Hiyo nimekataa.) Sokoni wananiita Dada wa Nne. Nikinunua kitunguu muuzaji anachagua kizuri.

Leo kaja Sajenti Ngo wa polisi. Kavua kofia, kakaa, kanywa chai. Ana uso mpana na mikono mikubwa, na tangu zamani anaongea kama anayeomba radhi. Anasema wilayani wameanza kuuliza kuhusu vituo kama hivi.

"Shemeji, nimekuja kukuonya rasmi. Nimekuonya?"

"Umenionya."

"Haya. Imekwisha hiyo." Akasogeza kiti. "Sasa, mama yangu anauliza. Kaseti ya juzi ya vikaragosi ilikatika kabla yule mwenye upanga hajafa. Amekufa au hajafa? Hajalala tangu juzi, na mimi silali pia, ananiuliza mimi!"

Nikamwambia hajafa, ameanguka mtoni tu. Akashusha pumzi. Akavaa kofia, akaenda.

Jumatatu, 11 Septemba

Upepo tangu asubuhi. Tivii ya serikali inaonyesha ramani ya kimbunga — inataja mji mkuu, inataja pwani ya mashariki. Laubei haipo kwenye ramani. Haijawahi kuwapo. Bunliong kafunga antena kwa kamba za mashua.

Jumanne, 12 Septemba

Naandika kabla sijasahau mpangilio.

Mvua usiku kucha, na asubuhi mto ukawa wa kahawia na umefika kwenye ngazi za hekalu. Umeme ulikuwapo bado upande wetu na upande wa mabwawa. Nikakaa mbele ya shuka la bluu tangu kifungua kinywa, nguo za jana, sina poda. Nikasema ninachoambiwa. Daraja la chini limefunikwa, msipite. Shule ya msingi iko wazi, pandeni ghorofani. Anayeishi karibu na Bibi Tan kipofu aende sasa hivi, mlango wake unavutwa, hausukumwi. Simu inalia, Mama anapokea, anapiga kelele kutoka chini, mimi naisema. Hivyo tu. Mama hajui kuandika, kwa hiyo alikuwa anakariri — jina, nyumba, shida — na hakukosea hata moja.

Saa nane mchana akapiga simu mume wa Khim kutoka mabwawani. Maji yanapanda na hayatoki. Bahari imeshuka, ilikuwa wakati wa kufungua lango la maji ili yote yamwagike huko — lakini lango limefungwa kwa kufuli na mlinzi wake hayupo!

Nikatangaza. Anayejua ulipo ufunguo wa lango, apige simu.

Aliyepiga ni mke wa mlinzi mwenyewe. Analia. Mume wake hayupo kwa sababu mkuu wa mji, Bwana Te, alimchukua jana awe dereva wake kwenda karamu ya harusi huko wilayani. Ufunguo anao mfukoni. Wamekwama huko, barabara imezama.

Nikamwangalia Bunliong. Yeye alikuwa nyuma ya kamera, maji yanamtiririka nyweleni kutoka kwenye paa linalovuja. Akasema, "Waambie kama ilivyo."

Nikawaambia kama ilivyo. Ufunguo uko wilayani. Kufuli liko hapa. Mwenye mtaimbo aende langoni.

Dirishani nikawaona. Wanaume wa duka la matairi. Kinyozi. Wanawake wawili wa kiwanda cha tambi na gogo la kusukumia unga, sijui walifikiri litavunja nini. Wote wamevaa makoti ya plastiki, wanakimbia kwenye maji ya magotini. Na Sajenti Ngo mbele yao, na shoka la kituo cha polisi.

Walilivunja. Yeye ndiye aliyelivunja, wanasema, mapigo matatu au manne. Lango likapandishwa kwa mikono. Kabla ya giza maji yalikuwa yamerudi chini ya ngazi za hekalu.

Hakuna aliyekufa. Hakuna! Nimesema hivyo kwenye kamera jioni, na nikashindwa kuendelea, Bunliong akaweka mieleka.

Jumatano, 13 Septemba

Matope kila mahali. Mabwawa mengi yamepoteza samaki, mwatiko wamekutwa hadi uwanja wa shule. Khim analia na kucheka pamoja. "Miaka yote nawafuata wao, leo wamenifuata wao mlangoni."

Watu wanapita dukani tu, hawana shida yoyote. Wanasimama. Wanasema "Haya, Dada wa Nne," wanaondoka. Bibi Tan kipofu kaletwa na mjukuu wake anishike uso. Kasema alidhani mimi ni mnene.

Tivii ya serikali jioni: picha za mji mkuu, miti iliyoanguka. Sisi hatukutajwa. Kwa mara ya kwanza sikujali.

Alhamisi, 14 Septemba

Sikukuu ya mwezi. Mawingu, mwezi haukuonekana. Tumekula keki na balungi kwenye baraza.

Watu wanauliza nitasema nini kuhusu lango. Wengine wanasema niache, mambo yameisha salama. Mama akasema hakuna kilichoisha, kimbunga kingine kitakuja na yule bwana atakuwa na harusi nyingine.

Nikasoma bila kuongeza chumvi. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa anaendesha gari la mkuu wa mji. Tunamkaribisha Bwana Te aje hapa, akae kwenye kiti hiki, aeleze.

Hakuja. Alipiga simu kabla sijavua maiki. Sauti ya taratibu, ya kistaarabu, Kimandarini kitupu ingawa nyumbani kwao wanaongea kama sisi. Nani amenipa kibali cha kuongea na watu wa Laubei?

Nikamjibu kwa lugha yetu kwamba wao ndio hunipigia simu.

Akakata.

Nikavua maiki. Nilijipenda.

Jumatano, 20 Septemba

Wamekuja. Lori la wilaya, wanaume wa ovaroli, asubuhi tu. Wamekata waya kwenye nguzo ya kona, kwenye mfereji wa sokoni, kwenye daraja. Wameingia dukani wamechukua video zote tatu na amplifaya. Walikuwa na adabu. Mmoja aliniomba radhi kwa kukanyaga zulia na viatu.

Sajenti Ngo alikuwepo kwa sababu lazima awepo. Alisimama kakabili ukuta, anasoma kalenda yetu. Kalenda ya mwaka jana.

Kamera! Wakauliza kamera iko wapi. Bunliong akasema ipi. Wakapanda juu. Mama alikuwa amelala, blanketi hadi kidevuni, tumbo limefura juu kama mlima. Anagumia. Mkubwa wao akauliza bibi anaumwa nini.

"Gesi," akasema Mama.

Wakashuka haraka.

Alipotoka kitandani aliipangusa lenzi kwa nguo yake ya kulalia. Akaniambia, "Nimeipakata vizuri, haina hata mkwaruzo." Mwanamke aliyeuliza linakula nini!

Saa moja jioni nilikaa barazani. Madirisha hayana taa za bluu. Watu wamekaa nje, wananiangalia kwa upole kama niliyefiwa.

Alhamisi, 21 Septemba

Asubuhi nimeamshwa na nyundo. Nikadhani wamerudi. Ni kinyozi, juu ya ngazi, anaunga waya wake. Ukutani kwake. Hakutuuliza. Khim naye kwenye dirisha lake, mdomo umejaa misumari: "Shemeji Bunliong, mwekundu unaingia wapi?" Kila nyumba inaunga kipande kinachopita kwake. Bunliong anakimbia huku na huku anarekebisha, anafoka, anacheka. Video tumeletewa — tano! Tulichukuliwa tatu.

Kasoro ilikuwa daraja, pale hakuna nyumba ya mtu. Wazee wa hekalu wakasema waya uvuke mto kutoka juu ya paa la hekalu, ila kwanza aulizwe Bibi Matsu mwenyewe, mungu wa bahari, nyumba ni yake. Wakarusha vipande viwili vya mbao vya kumuulizia mbele ya madhabahu. Amekubali. Wakarusha tena kuhakikisha. Amekubali!

"Sasa wakikata," Khim akasema, "waanze na paa la Bibi, halafu waende baharini tuone."

Saa moja jioni nilikuwa hewani. Nikasema habari za jioni. Sikuweza kusikia sauti yangu kwa makofi ya mtaani.

Jumapili, 24 Septemba

Nimemwona Ngo sokoni. Kanisalimia kwa macho tu. Wanasema Bwana Te amemwita ofisini mara mbili. Kwamba alivunja mali ya serikali kwa shoka la serikali. Kwamba anaweza kuhamishiwa milimani, na mama yake ni mgonjwa, hawezi kuhama naye.

Nimemtumia mama yake kaseti ya vikaragosi iliyobaki. Sijui kama nimesaidia au nimeharibu.

Ijumaa, 29 Septemba

Naandika laivu, kama anavyosema Bunliong. Nimekaa kwenye meza ya maiki, siwezi kuondoka, na mikono inahitaji kazi.

Asubuhi kulikuwa na baraza la mji. Mkutano wa wazi, kwa hiyo tulikwenda, na kamera. Bwana Te alisimama akasema lango halikufungwa hata dakika moja siku ya kimbunga. Uvumi. Wanawake wa dukani. Ukumbi ulikuwa na watu wachache, maofisa na wajumbe, wakaitikia kwa vichwa. Bunliong amenasa kila neno. Kaseti iko hapa kando ya kiwiko changu. Tumetangaza: saa moja jioni. Laubei nzima inajua lango lilikuwaje, nusu yao walilivunja. Watamwona anavyosema.

Mchana huu lori la wilaya limerudi. Wameegesha kwenye nguzo ya kona. Waya mkuu upo pale, ukikatwa huo upande wote wa mabwawa hauoni kitu, na kuunga kwake si kazi ya leo.

Safari hii hawakuleta watu wa ovaroli. Wamemleta fundi wa umeme wa hapa hapa mjini. Akaitazama nguzo, akaushika mgongo, akasema umemkaza tangu asubuhi. Akaketi kwenye ukingo wa mfereji! Mkubwa wa wilaya akageuka, akampa Sajenti Ngo mkasi mkubwa wa nyaya. "Panda wewe."

Bunliong alikuwa ameshatoa kamera kwenye baraza ya juu. Hakuniuliza. Akaielekeza kwenye nguzo akanipa ishara, nami nikafungua matangazo. Sasa hivi cha Nne kinaonyesha nguzo ya kona ya mtaa wa Hekalu, na Sajenti Ngo anapanda ngazi.

Nimesema kwenye maiki mambo mawili tu. Ni mchana, tarehe ishirini na tisa. Huyu ni Sajenti Ngo. Kisha nikanyamaza. Niseme nini? Watu wanamjua.

Wamejaa barabarani. Hawapigi kelele. Khim kaigeuza tivii yake ikaangalia barabara, ili wateja waliotoka nje waone pia, na kinyozi kafanya hivyo hivyo, na duka la tambi, na matairi. Tivii zote zimegeuzwa nje, mtaa mzima, kila moja ina Ngo mdogo juu ya ngazi. Yuko juu sasa. Kaona. Anatazama tivii ya Khim, anatazama ya kinyozi. Akisogeza mkono, mikono yote inasogea.

Mkubwa wa wilaya anasema kata. Si kwa sauti kubwa. Anajua na yeye yumo kwenye picha.

Simu imelia. Mama kaipokea chini, kapanda nayo, anavuta waya wake ngazi nzima, anahema. Kasema ni mama yake Ngo. Yuko kitandani kwake huko mabwawani, ameona kwenye cha Nne. Anataka kuongea naye.

Nikasema, Mama, yuko juu ya nguzo!

"Si una maiki?"

Nimeuweka mkono wa simu mezani, mdomo wake umebusiana na maiki. Sauti ya bibi inatoka kwenye kila tivii ya mtaa, nyembamba, inakwaruza, na nje naisikia ikirudi mara ya pili kutoka barabarani.

"Sui? Sui, ndio wewe? Kofia imekaa upande."

Ameirekebisha kofia. Kwa mkono wenye mkasi.

Hakuna anayecheka. Mkubwa wa wilaya amesema tena kata, safari hii amesema tafadhali. Mkasi umefunguka, waya uko katikati yake. Naona vidole. Bunliong amesogeza lenzi karibu, picha imetulia, sijawahi kujivunia mtu hivi.

"Sui, mwanangu. Umeshakula?"

Ameitazama kamera. Anatutazama sisi. Midomo inasogea, sisikii — sasa nasikia, dirishani, anapaza sauti ili ifike hadi mabwawani, kwa lugha yetu:

"Bado, Mama."

Mkasi haujafungwa. Bibi anamuuliza basi anangoja nini, ashuke akale, na Ngo anautoa mkasi kwenye waya, anaanza kushuka ngazi.